Marehemu Amebadili Shati

Nahida hakuwa na shaka hata chembe kwamba marehemu mumewe amerudi duniani. Kilichomchoma ni kwamba amerudi akiwa safi.

Huko kwao, kwenye milima ya Shufi, nani asiyejua kwamba mwili ni shati tu? Roho hulivua hili ikavaa jingine saa ile ile, mwanamume akazaliwa mwanamume, mwanamke akazaliwa mwanamke, na dunia ikaendelea na mambo yake. Waliokufa vitandani kwa uzee huwa hawakumbuki kitu. Wasemao ni wale waliokatika ghafla. Mtoto wa miaka mitatu anasukuma sahani ya mama yake, anasema hapa si kwangu, kwangu ni kijiji fulani, nina mke na shamba. Watu hawashtuki. Wanaambiana tu, "Mtoto wa fulani kasema," kisha wanatafuta gari la kumpeleka.

Safari hii aliyesema alikuwa Adham, mtoto wa miaka saba, wa kijiji kilicho nyuma ya milima miwili. Alikuwa akilia kila alipoona trekta. Alimwambia mama yake, Intisar, kwamba jina lake hasa ni Fawwaz, kwamba trekta lilimlalia kwenye shamba la mizeituni, na kwamba kando ya nyumba yao kuna mtini. Nasib, mdogo wake Fawwaz, alikwenda kumpima. Alimtandazia picha ishirini mezani, na mtoto akaitoa picha ya Mama Fawwaz bila kusita. Akaulizwa bastola ya babu ilikuwa imefichwa wapi. Akasema, ndani ya pipa la ngano. Nasib alirudi nyumbani analia barabara nzima.

Habari hizo Nahida alizisikia kwa sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limekufa miaka kumi na saba iliyopita, na aliyeliua ndiye huyo huyo ambaye sasa alikuwa akichinjiwa kondoo.

Kijiji kizima kiliambiwa kwamba alianguka kwenye ngazi akichuma tini. Kila msimu wa tini ulipofika hakukosekana mcheshi wa kumwambia, "Nahida, ngazi waachie wengine, bakiza hilo sikio moja." Naye alicheka nao. Kule Fawwaz alikuwa Karakasi, ng'ambo ya bahari, akiuza vitambaa, huku mkewe akitaniwa kuhusu ngazi ambayo hakuwahi kuipanda. Alirudi kila baada ya mwaka mmoja au miwili na masanduku mawili ya zawadi, akakaa mwezi, akasifiwa, akapiga alichopiga, akaondoka. Halafu likizo moja, miaka saba iliyopita, trekta likampindukia, na tangu hapo hata kumsema ikawa mwiko. Marehemu hasemwi vibaya. Waliotunga msemo huo nadhani hawakuwa wajane.

"Kavua shati lake lenye madoa, kapewa jipya limepigwa pasi," Nahida alimwambia binti yake Rabab siku habari zilipofika, huku akimenya vitunguu kwa ghadhabu. "Mimi shati langu ni hili hili. Nani kaniuliza kama nataka kubadili?"

"Mama, umeanza tena."

"Sijaanza. Sijawahi kumaliza."

Rabab alikuwa na miaka kumi na tisa, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipokuwa. Alikuwa amevishwa pete na Ziyad, mtoto wa Nasib, binamu yake. Kijana mzuri wa sura, mwenye mabega, mwenye gari, na mwenye mkono mwepesi. Wiki tatu kabla ya hapo Nahida alimwona binti yake akiosha vyombo, mkono wa blauzi umepanda, na juu ya kiwiko alama nne za vidole.

"Nini hiki?"

"Mlango wa gari."

"Mlango wenye vidole?"

"Mama, bwana. Nimejigonga."

"Mlango huo naujua mimi. Nimeolewa nao."

Usiku huo alimweleza binti yake yote, tangu kofi mpaka ngazi. Alidhani ukweli ukitajwa utajisimamia wenyewe. Rabab alimsikiliza mpaka mwisho, uso umekauka, kisha akasema maneno ambayo Nahida aliyabeba kila alikokwenda tangu siku hiyo. "Baba hayupo kujitetea, ndiyo maana unamsema. Humtaki Ziyad, basi sema humtaki. Usimchafue baba yangu."

Baba yake. Sauti ya kwenye simu na wanasesere wa Karakasi. Mtoto alikuwa na miaka miwili siku ya kofi, amelala chumba cha pili. Angejuaje? Nahida alimkasirikia, kisha akajikasirikia mwenyewe, kwa sababu wa kulaumiwa kwa kuufunika uongo ule alikuwa ni yeye pia. Funika kombe mwanaharamu apite. Amelifunika miaka kumi na saba, na sasa mwanaharamu anataka kuoa binti yake.

Alikataa kutoa ridhaa. Alikataa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nasib hakugombana naye. Alikuwa mtu wa kutabasamu. Alisubiri tu, mpaka Mungu akamletea Adham.

"Shemeji," alimwambia Nahida kwenye simu, sauti tamu tamu, "tunahangaika nini na wewe, na baba wa binti karudi? Jumapili anakuja. Tutamuuliza mwenyewe."

"Mtamuuliza mtoto wa miaka saba habari za ndoa?"

"Tutamuuliza Fawwaz."

Na Rabab, aliyekuwa amesimama hapo anasikia yote, alimtazama mama yake machoni. "Sawa. Neno lake ni neno la baba. Akisema ndiyo, Mama, unanyamaza. Na akisema hapana, pete naivua."

"Na akisema kitu kingine?"

"Kitu gani kingine?"

Alichokuwa nacho Nahida ni mpango mmoja tu, nao haukuwa mzuri. Angekwenda Jumapili, amtazame yule mtoto usoni, aseme mbele ya wote kwamba simjui, huyu siye, mmetapeliwa. Mke ndiye anayemjua mumewe. Alijua ni uongo, na alijua utamwumiza mtoto wa watu. Lakini nyumba ile ilikuwa imeishi kwa uongo siku zote, na aliona si vibaya nao wakionja kidogo.

Jumapili mchana sebule ya Mama Fawwaz ilijaa. Bibi mwenyewe, shela lake jeupe limefunika kichwa mpaka mabega, alikuwa ameketi karibu na jiko la kuni, birika pembeni, akimimina matte, chai chungu ya majani. Kibuyu kilizunguka kwa zamu na mrija wake wa chuma. Kila aliyemaliza alikirudisha kwa bibi, bibi akausugua mrija kwa ganda la limau, akajaza, akampa anayefuata. Wageni walikinywa mara tatu, mara nne. Nahida katika nyumba ile alikunywa mara moja tu, na kwenye kukirudisha alisema, "Asante." Ukisema asante hutamiminiwa tena. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akisema asante kwenye mzunguko wa kwanza, na Mama Fawwaz hakuwahi kumuuliza kwa nini.

Walimketisha karibu na dirisha, upande wa kushoto wake ukielekea mlangoni. Rabab alikaa mbele yake, kando ya Ziyad, akiizungusha pete kidoleni.

Gari lilipiga honi nje. Nasib akatoka mbio, na aliporudi alikuwa amemshika mtoto mkono. Mtoto mwembamba, masikio makubwa, suruali ya sikukuu, nywele zimelowanishwa zikachanwa upande. Nyuma yake Intisar, mama yake, mwanamke mdogo mwenye haya, amebeba sinia la mkate wa jibini alioutengeneza mwenyewe. Hakuna aliyempokea lile sinia. Wote walikuwa wanamwangalia mwanawe.

"Fawwaz wangu," alisema Mama Fawwaz, na machozi yakamtiririka.

Mtoto alikwenda moja kwa moja akambusu mkono, akaupeleka kwenye paji la uso wake, kama Fawwaz alivyokuwa akifanya. Bibi akamkumbatia, akamnusa shingo, akamwita roho yangu na macho yangu. Nahida alitazama na kifua chake kikawa kama birika lile. Kwangu mimi hamkulia, aliwaza. Nilipovuja damu kwenye mto mlinipa pamba.

"Haya, Fawwaz," Nasib alisema akicheka, "na mkeo huyo pale. Hata salamu? Kumbe kifo hakijakutoa ukali."

Watu wakacheka. Mtoto hakucheka. Alianza kumwendea Nahida kutoka upande wa mlango, upande wa kushoto, na Nahida akakaza taya, tayari na neno lake. Lakini hatua mbili kabla hajafika, mtoto alisimama. Akafikiri. Kisha akazunguka kiti, akapita kati ya magoti ya watu na meza ya karanga, akatokea upande wa kulia. Akasimama karibu na sikio lake zima.

"Hujambo, Nahida," alisema.

Hakumwita shangazi wala mama mkubwa. Alimwita Nahida, kwa sauti ya chini, kama mtu anayerudi nyumbani akakuta taa zimezimwa.

Nasib ndiye aliyeona kwanza. "Mmeona? Jamani, mmeona? Kazunguka. Kajua sikio halisikii."

"Nani kamwambia?" mtu akauliza.

"Wallahi hakuna," Intisar alisema, bado na sinia lake mikononi. "Sisi hata hatukuwa tunajua. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona huyu mama."

Mama Fawwaz akapiga vigelegele. Nasib akasimama katikati ya chumba, mikono juu, kama wakili aliyeshinda. "Kama kuna aliyekuwa na shaka, aitupe dirishani. Kitu kile hakipo kwenye picha, hakipo kwenye pipa la ngano. Kile ni mume anamjua mkewe. Shemeji, una la kusema? Utasema siye?"

Nahida alikuwa amefungua mdomo aseme siye. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Hapo ndipo alipoelewa walichomkabidhi, na jinsi walivyomkabidhi kwa vigelegele, na hasira yake ikatulia ikawa baridi na yenye makali, hasira ya kufanyia kazi.

"Ni yeye," alisema. "Mimi mkewe nasema ni yeye. Mama, nawe unasema?"

"Nakula kiapo kwa macho yangu," alisema Mama Fawwaz.

"Nasib?"

"Kwa roho ya baba yetu. Ni yeye, na neno lake ni neno lake."

"Rabab, umewasikia?"

"Nimewasikia," Rabab alisema polepole.

Nahida akamgeukia mtoto. Hakumpigia magoti wala hakulainisha sauti. "Umejuaje kwamba sikio hili halisikii?"

Mtoto akautazama mkono wake wa kulia. Aliugeuza, akatazama kiganja, kama anayetafuta doa. "Nililipiga," alisema.

Chumba kilikuwa bado na tabasamu. Watu wengine walikuwa hawajasikia vizuri.

"Ulinipiga kwa nini?"

"Maji ya matte yalichemka. Nilisema yasichemke, yakachemka." Akakikunja kiganja. "Ukaanguka pale jikoni, kwenye mlango. Mtoto akalia chumba cha pili. Damu ikatoka sikioni."

"Na ngazi?" Nahida aliuliza. "Ngazi ya mtini, mbona huitaji?"

Mtoto akamwendea Mama Fawwaz, kwa imani yote ya mtoto kwa mama yake. "Mama ndiye aliyesema. Ulisema, Mama. Ulisema, semeni kaanguka kwenye ngazi, watu wasije wakatuvunjia nyumba."

Birika lilikuwa linachemka, na hakuna aliyelitoa.

Mama Fawwaz alikuwa ameushika mkono wa mtoto tangu aliponyanyua kichwa kumwambia "Mama". Aliuachia. Aliufuta wake kwenye gauni. "Huyu siye," alisema.

"Mama," Nasib alisema.

"Siye, nimesema. Mwanangu hakuwa mtu wa kupiga. Huyu kafundishwa. Nani kakufundisha, wewe mtoto? Huyu mwanamke? Au mama yako huyo na mikate yake?"

Intisar alirudi nyuma hatua moja. "Mama, jamani, nimeapa mbele yako sasa hivi."

"Watu huapa kwa mikate pia."

"Ni mimi," mtoto alisema, na sasa alikuwa analia kweli, kilio cha miaka saba, kamasi na yote. "Mama, ni mimi. Nimesema pipa la ngano. Nimesema bastola."

"Bastola ilijulikana na kijiji kizima," alisema Nasib, bila kumtazama mtu yeyote. Tabasamu lilikuwa limemtoka, na bila hilo tabasamu hakuwa na uso wa maana.

Nahida akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Baadhi ya watu waliokuwamo walikisimulia baadaye kwa kunong'ona. "Mkuki kwa nguruwe," alisema. "Dakika tano hazijapita mlikuwa mnaapa kwa roho za wafu. Alipojua bastola, ni yeye. Alipojua sikio, ni yeye, tena vigelegele. Alipowataja ninyi, kafundishwa. Miaka kumi na saba mmenifanya mimi mwongo ndani ya mji huu, nikachekwa, nikacheka nanyi. Leo mnamfanya mwongo mwana wenu wa kumzaa, karudi kutoka kaburini kwa miguu yake, anawalilia, na mnamfuta kwenye gauni. Mimi ningemkana kwa haki. Nilikuja hapa kumkana. Ninyi mnamkana kwa sababu kasema kweli."

"Chunga mdomo wako, Mama Rabab," alisema Nasib.

"Nimeuchunga mpaka umeota kutu."

Rabab alikuwa ameinuka nusu. Ziyad akamshika mkono, juu ya kiwiko, akamrudisha kitini. "Kaa," alisema, si kwa ukali hata, kwa mazoea. "Maneno ya wakubwa hayo. Usisikilize."

Rabab alikaa. Aliangalia vidole vile vinne juu ya mkono wake, vilivyokaa pale pale vilipokaa wiki tatu kabla ya hapo. Kisha akamwangalia yule mtoto, aliyesimama katikati ya zulia peke yake, mkono wake wa kulia ameuficha nyuma ya mgongo.

Mama Fawwaz, kwa vile mikono yake haikujua la kufanya, alikuwa amejaza kibuyu. Zamu ilikuwa ya Rabab. Alimnyooshea bila kumtazama.

Rabab alikipokea. Hakuugusa mrija. Alikishika kidogo, mvuke ukimpanda usoni, kisha akakirudisha kama kilivyokuja, kimejaa mpaka ukingoni.

"Asante, Bibi," alisema.

"Hujanywa hata tone."

"Najua."

Akaivua pete, akaiweka kwenye sahani, juu ya maganda ya limau, akainuka. Vidole vya Ziyad vilikuwa bado vimemshika. Alivitazama mpaka vikaachia.

Hakuna aliyewasindikiza. Katika milima ile hata adui husindikizwa hadi langoni, lakini siku hiyo watu wote wa nyumba ile walikaa wameyakodolea macho maganda ya limau. Intisar alitoka na sinia lake jinsi alivyoingia nalo, akimwita mwanawe, Rabab akampokea sinia njiani, wakatangulia kuelekea kwenye gari bila kusemezana. Nahida akafuata nyuma. Moyo wake ulikuwa haujapoa hata kidogo. Alikuwa amepata alichotaka, na alishangaa kuona kwamba hasira haikuondoka. Ilikuwa pale pale, imekaa vizuri, kama mwenyeji.

Alisikia kitu kama nyayo, hakuwa na hakika. Halafu nyayo zikamzunguka nyuma mbio mbio, na mtoto akatokea upande wa kulia, akifuta pua kwa mkono wa shati la sikukuu.

"Linauma?" aliuliza.

"Siku za baridi."

Walitembea. Alikuwa na hatua fupi, akawa anakimbia kidogo kila baada ya hatua tatu ili asiachwe. Nahida hakumshika mkono. Lakini alipunguza mwendo, na alijikasirikia kwa kupunguza.

"Umenisamehe?"

"Hapana."

Mtoto alilifikiria hilo mpaka walipofika kwenye mtini. Ngazi ya zamani ilikuwa bado imeegemezwa pale, vidaraja viwili vimeoza. "Mpaka lini?" aliuliza.

"Sijui," alisema Nahida. "Tembea."